Mashimo Arubaini na Moja ya Gari la Mutua

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili. Mamangu anaiita hali hii uvivu, daktari anaiita kifua, na mimi naiita mapumziko marefu ya mtu aliyemeza vumbi la faiba miaka kumi na mmoja akidhani barakoa ni ya watu waoga. Nyinyi mliobaki bandani mmeniomba niandike niliyoyaona. Niliishia kidato cha pili, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya kupangwa. Tafuteni barakoa kwanza, mvae, halafu msome.

Siku ya kwanza nilifika bandani, pale ukingoni kaskazini mwa mji wa Amu ambapo boti za faiba hulazwa ubavu kama wagonjwa, nikiwa nimevaa ovaroli ya kakangu chini ya buibui na mpango kamili kichwani. Nilipanga kuanza na boti, kisha niunde ndege. Nikapewa kipande cha msasa na kuoneshwa tumbo la boti. Nililisugua siku sita. Siku ya saba nikauliza kazi tunaanza lini.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema aliyenipa msasa. "Hayo mengine ni kupaka rangi tu."

Huyo alikuwa Ami Bakari, mtu wa kisiwa cha Ndau, mwembamba, vidole vimejipinda kwa miaka ya kushika keekee, ile drili ya upinde waliyotobolea mbao mafundi wa zamani. Si ami yangu wa damu. Kumwita Bakari kavukavu kungekuwa kukosa adabu, na kuitwa Bwana Bakari alisema kunamkumbusha mahakamani. Basi akawa Ami.

Mengi ninayoyajua alinifundisha yeye, na karibu yote kwa kuniacha niharibu kwanza. Faiba inawasha, nyote mwajua. Jipakeni mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuigusa, na mkimaliza ogeni maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanafungua ngozi na kuikaribisha ndani. Rezini nayo, ile gundi ya kushikisha faiba, ukishaitia dawa ya kugandisha, haikungoji. Joto la Amu linaiharakisha. Wiki yangu ya pili nilichanganya kopo zima ili nisisumbuke kurudia. Kopo likaanza kutoa moshi mkononi. Ami Bakari akalipiga teke likaangukia mchangani.

"Umepika," akasema. "Sasa mlaji ni nani?"

Tangu siku hiyo nachanganya kikombe kimoja kimoja, na kazi ya kupaka naimaliza kabla jua halijapanda. Na msitumie kikombe mnachokipenda. Mamangu bado anakiulizia chake.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu Ami Bakari, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kule Ndau alikuwa fundi wa vyombo vya mbao. Chombo chake cha mwisho kilichukua watu wa harusi, na kikaingiza maji katikati ya nyimbo. Hakuna aliyekufa. Bibi harusi alifika amelowa mpaka kiunoni, na biriani ikafika ikiwa supu. Lakini jina la fundi lilizama palepale. Wakamwita Kichujio. Alipohamia Amu, jina likapanda boti inayofuata likamfuata. Wateja walikuja bandani wakasema mbele yake, bila haya, "Nitengenezeeni, lakini Kichujio asiguse chini." Basi akawa anafanya juu: viti, vishikio, mapambo. Mtu aliyejua matumbo ya vyombo kuliko sisi sote, tulimweka kwenye mito ya viti.

Ndipo akaja Mutua.

Mutua ni mekanika kutoka bara, ana gereji Mokowe, ng'ambo, pale barabara inapochoka na bahari kuanza. Alikuwa na gari dogo, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, toleo la chini kabisa. Mnalijua toleo hilo. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, bampa nyeusi isiyopakwa rangi, magurudumu membamba kama ya baiskeli ya posta, na kwenye dashibodi vifuniko vya plastiki mahali pa swichi, ili dereva asisahau ni vitu gani hakuvipata. Alikuwa ameling'oa kila kitu, ikabaki bodi tupu. Kando yake alikuwa na ndugu wa gari hilo, toleo la michezo, lililobingirika likapondeka paa na mbavu zote, ila injini, gia, breki na viti vikasalimika. Mutua alitaka kuhamisha roho ya yule maiti iingie katika mwili wa huyu maskini, kisha aende nalo kwao bara kwenye mashindano ya kupanda mlima.

Madigadi mapana ya kufunika magurudumu, mdomo wa mbele na spoila, lile bawa la nyuma, vya yule maiti vilikuwa vimesagika, na Mokowe hakuna anayejua faiba. Akavuka kuja kwetu. Akamkuta Ami Bakari anapitisha kiganja juu ya kiti cha boti, macho yamefumbwa, anatafuta kinundu. Mutua akamtazama kwa muda. Hakuwa akimjua.

"Mzee," akasema, "hii kazi nataka uifanye wewe. Bodi yote. Kuanzia chini."

Ami Bakari akafumbua macho. Mutua alipoondoka akakaa juu ya pipa.

"Kuanzia tini," akaniambia. "Umesikia, mwanangu? Miaka tisa sijaambiwa neno hilo. Hii ikiharibika, narudi Ndau na sishiki tena kazi ya mtu."

Bodi ilivushwa kwa boti la mizigo, imelazwa juu ya mbao mbili, haina taa, haina vioo. Tuliishusha watu kumi na wawili, na watu sitini wakatushauri. Mji wa Amu una magari ya kuhesabika kwa vidole, na hapa tulikuwa tunaunda la mbio.

"Hilo gari halina mato," akasema mwenye punda mmoja aitwaye Famau, akionesha matundu ya taa. "Litaionaje ndia?"

"Ndia yenyewe iko wapi?" akamjibu mwingine, akionesha vichochoro.

"Mkitaka, nawakodishia punda alivute. Hanywi petroli, na breki anazo, tena kali."

Famau alikuja kila asubuhi kuanzia siku hiyo. Nadhani kazi nyingine hakuwa nayo.

Vita vya kwanza vilikuwa vya vipimo. Mutua alileta karatasi ya milimita. Ami Bakari alileta uzi. Alifunga mafundo kwenye uzi, akapima kwa shubiri na vidole, akanituma Mokowe nikapime injini na viti vya yule maiti, nikarudi na boti ya saa sita nikiwa na mafundo shingoni kama shanga. Mutua alicheka mpaka akakohoa. Kisha Ami Bakari akasimama mbele ya bodi, akafumba jicho moja, akasema upande wa kushoto umepanda. Mutua akapima, akasema pande zote ziko sawa. Ami Bakari akasema umepanda. Wakapima tena kutoka sakafuni, wakakuta bodi ilishagongwa zamani na kupinda kwa unene wa kidole. Mutua akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni, sikuiona tena.

Madigadi tuliyaunda hivi, na huu ndio utaratibu mpaka leo: wavu wa kuku kwanza, juu yake plasta, tukasugua mpaka umbo likawa kama bega la mtu mwenye afya. Hilo ndilo kalibu. Juu ya kalibu tukapaka nta ya sakafu, ile ya kopo jekundu ambayo kila nyumba inayo, mara tano, ili faiba isishikamane nalo. Mkipaka mara tatu mtalia. Kisha faiba tabaka nne, kila moja ikisubiri mwenzake ishike. Mutua alivuka siku za Ijumaa asubuhi kuchomelea vyuma: mashikio ya vile viti vya kubana mbavu, mabano ya injini, mahali pa bomba la pili la moshi, vitu ambavyo toleo la maskini halikuzaliwa navyo.

Mimi nilitaka tuchore miali ya moto ubavuni. Ami Bakari alisema moto ni wa kuzimwa, si wa kuchorwa. Tukaishia kwa rangi ya chungwa, ile ya majaketi ya kuokolea watu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tele bandani. Mutua alitaka buluu. Nikamwambia akipotea mlimani ataonekana kutoka mbali. Akakubali, ingawa hakufurahi sana na neno kupotea.

Lakini kabla ya rangi ndipo tulipokosea, na nataka mlisome hili polepole.

Tulililaza gari ubavu juu ya matairi makuukuu, kama tunavyolaza boti, ili tusafishe chini. Ami Bakari akachutama. Akapitisha kiganja chini ya gari. Kisha akatia kidole kwenye tundu.

"Nani aliyetoboa hapa?"

"Kutu, labda," nikasema.

"Kutu haichori duara." Akasogea. "Na hapa. Na hapa. Milangoni tini, tundu. Mbavuni, tundu. Chini ya miguu ya dereva, mwanangu, matundu mawili kama mato. Kiwanda kina wazimu?"

Nilisema tumpigie simu Mutua. Akanitazama kama niliyetukana.

"Fundi hamuulizi mwenye chombo kama ataka kuzama."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, si kwangu hasa, "Mvua ya bara si ya mchezo. Simlowanishi mtu mara ya pili."

Nikaenda kutafuta pamba. Tukaziba. Tulitumia njia ya kalafati, vile wanavyoziba nafasi za mbao kwa pamba, ila sisi pamba tuliichovya kwenye rezini. Kila tundu liliingizwa pamba kwa patasi butu, likafunikwa faiba ndani na nje, likasuguliwa mpaka kidole kisijue lilikuwa wapi. Kwa desturi ya Ami Bakari, kila tundu linalozibwa linaandikwa, ili lisisahaulike hata moja. Mimi ndiye niliyechora gari lote juu ya kipande cha boksi na kutia duara kila mahali. Yalikuwa arubaini na moja. Nilijivunia sana lile boksi. Nililitundika ukutani.

Siku ya Mutua kuja kukagua, tulinunua madebe manne ya maji matamu tukaliosha. Liling'aa. Famau aliliangalia akakosa la kusema, jambo ambalo lingetosha kuwa sikukuu. Ami Bakari alikuwa amevaa kanzu. Mimi nikafungua mlango wa dereva ili niupanguse, na mlango ukafanya sauti. Sauti ya dafu ukilitikisa.

Nikautikisa tena. Nikaenda mlango wa pili. Dafu jingine. Nikapiga simu. Mutua alikuwa ndani ya boti anavuka.

"Mutua, milango inashika maji."

Nikasikia injini ya boti.

"Zena, yale mashimo ya chini mmeyafanyaje?"

"Tumeyaziba."

"Mangapi?"

"Yote. Hata yale uliyoyasahau."

Simu ikakatwa.

Aliposhuka hakusalimia. Alitikisa mlango. Akalala chini na nguo zake safi, akagonga mbavu kwa kifundo cha kidole, huku na huku, kisha akakaa kitako mchangani. Watu wa ukingoni walishaanza kusogea.

"Mzee," akasema, "umeniulia gari. Maji yakikaa ndani yanakula chuma kutoka ndani. Mwaka mmoja tu, hii bodi ni biskuti. Na mkaguzi wa mashindano akiangalia chini, hata sipiti geti." Akapangusa uso. "Watu waliniambia nisikupe kazi ya chini. Nilikataa kuwasikiza. Naichukua kesho, napeleka Mombasa."

Sijawahi kuona mtu akizeeka akiwa amesimama, ila siku hiyo. Ami Bakari hakujitetea. Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasukuma pamba, na nilisema, lakini hakuna aliyenisikia. Kisha yeye akauliza swali moja tu.

"Hayo mayi, yaingia na wapi?"

"Kwa vioo," akasema Mutua. "Ile raba ya kioo haizuii yote. Kwa mlango. Kwa kila mahali. Hakuna gari haliingizi maji, Mzee. Kiwanda kinajua. Ndiyo maana linatobolewa, litoke."

"Kwa hivyo magari yote yavuja."

"Yote."

"Na mwajua."

"Tunajua. Tumekubali, tumeyawekea njia."

Ami Bakari akautikisa mlango mwenyewe, akalisikiliza lile dafu. Alikuwa ametumia miaka tisa akiamini kwamba kuvuja ni aibu ya mtu mmoja kutoka Ndau.

"Zena," akasema, "leta lile boksi. Na drili."

Alivua kanzu akabaki na kikoi. Lakini kabla ya kutoboa alimuuliza Mutua gari hilo likitiwa springi fupi za toleo la michezo litakaaje. Mutua akasema litainama mbele kidogo, vidole viwili. Ami Bakari akachukua vipande vya mbao, akainua nyuma mpaka gari likainama vivyo hivyo, kama chombo kilichopakiwa mizigo mbele. Akaomba birika. Akamwaga maji sakafuni mwa gari, kidogo kidogo, akaangalia yanakwenda wapi na yanakaa wapi. Na maji hayakukaa pale kiwanda kilipotoboa. Yalikaa shubiri moja mbele yake. Kiwanda kilitoboa kwa ajili ya gari la maskini linalokaa wima. Hili halikuwa hilo tena.

Mutua alilala chini ya gari tena, safari hii bila kuambiwa, akawa anamulika kwa simu. Ami Bakari alitoboa thelathini na mawili palepale pa zamani, na tisa akayahamisha mahali ambapo maji yenyewe yalichagua. Kila tundu nililipaka rangi ya kuzuia kutu kabla halijapoa. Fanyeni hivyo kila mara. Tundu lisilopakwa ni kutu iliyopewa chumba.

"Kichujio kaanza tena," akasema Famau kwa nyuma.

"Naam," akasema Ami Bakari, hata hakugeuka. "Kesho leta gari lako."

"Mimi nina punda."

"Mlete. Tutamtia spoila."

Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza hawakumcheka yeye. Mutua hakucheka. Alimwaga debe zima juu ya paa, akasubiri, akatikisa milango yote. Hakuna dafu. Hakusema kama amesamehe wala kama hakusamehe. Alisema ataichukua bodi, atafunga injini, halafu tutasikia. Ami Bakari alirudi kwenye mito ya viti akingoja kusikia. Mkoba wake wa nguo aliuweka karibu na mlango wa banda, umefungwa, na kila jioni nilipoondoka niliutazama.

Niwaambie mapema ili msiningoje: mashindano yenyewe Mutua alimaliza wa pili kutoka mwisho. Gari lilitaka kwenda, dereva ndiye aliyeogopa kona.

Lakini asubuhi ya ukaguzi, kabla ya hayo, simu ya Ami Bakari ililia. Alikuwa anasugua pembe ya kiti ambayo alishaisugua tangu jana yake. Akaniashiria nije, akaweka sauti kubwa, maana alisema masikio yake ni ya zamani.

"Mzee," ilikuwa sauti ya Mutua, ya mtu anayeficha kitu, "niko na mkaguzi hapa. Amelala chini ya gari dakika kumi, amekataa kutoka. Ongea na yeye."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nene ya mtu wa bara.

"Hujambo, Mzee. Hii gari imehamishwa mashimo kadhaa ya kiwanda. Sijawahi kuona yamekaa mahali sawa hivi. Naandika kwa fomu hapa. Bodi ilifanywa na nani?"

Ami Bakari aliangalia bahari, akaniangalia mimi, akauangalia msasa mkononi mwake. Nilidhani atasema banda, kama tulivyozoea kusema sote.

"Andika," akasema. Akasimama wima. "Bakari bin Shee bin Mohamedi bin Bwanamkuu bin Shee. Wa Ndau." Akaendelea na wa nyuma zaidi, baba kwa baba, taratibu, ili yule mtu apate kuandika, mpaka nikadhani atafika kwa Nabii Nuhu, ambaye angalau alikuwa wa kazi yetu.

Kisha akaninyooshea simu.

"Twalikuwa wawili," akasema. "Taja lako."

Nikaishika. Simu ilikuwa imeshakatika, sijui tangu babu wa ngapi. Nikasema jina langu kamili, Zainabu binti Omari, wa mtaa wa Mkomani, na jina la babu yangu, na la babake, kwa sauti, mpaka mwisho, kwa sababu Ami Bakari alikuwa amesimama pale anasikiliza.